Hadi Ndani

Mwanzo niliandika kama mtu aliyepotea:
"nimefika hapa", "hapa pia", "mbona tupu?"
na saa nane za usiku, "wallahi hapa nimefika".
Mistari mia na kumi na nne ya JavaScript
niliichomeka kama miiba ndani ya programu
ya duka la dawa la Famau, Langoni,
nikisaka oda zinazoyeyuka
baina ya kitufe na hifadhidata.

Asubuhi Famau kanipigia, kicheko amekibana:
mwanawe kafungua konsoli ya kivinjari,
kasoma "we mjinga nini?" chini ya jina la mteja,
jina kamili, na dawa, na mtaa.
Kicheko chake kikaisha kabla ya changu.
"Swabaha," akasema, "huyu ni jirani yetu."

Nikakaa dakani kwa bibi, kompyuta mapajani.
Nyumba hii haijapata kumwambia kila mtu kila kitu.
Muuza maziwa huishia daka.
Shangazi wa mbali hufika kiwandani, akapewa kahawa.
Msanani ni pa wa damu.
Na ndani, kule ndani,
hata mimi hupiga hodi.

Basi nikafuta yote.
Nikatunga bawabu mmoja, mistari kumi na tisa,
na kila neno liendalo kwenye batli limpitie:
kosa, liseme siku zote, hata barazani;
onyo, liseme kwa sauti ya chini;
taarifa, tukiiuliza;
undani, usiku wa kutafuta tu, na alfajiri utoke.
Kiwango chenyewe ni neno moja
katika faili ya mipangilio.
Nalibadili, na ukuta siugusi.
Majina nimeyavisha nyota.

Usiku nikaandika: undani.
Saa nane na dakika sita oda ikaja,
ikajirudia. Mtandao umeyumba, mtu kabonyeza tena,
na mimi, kwa kuogopa pacha,
nilikuwa nafuta wote wawili.
Mstari wa tisini na mbili. Mkono wangu mwenyewe.

Lakini batli ilikuwa bado inasema.
Nyota sita, saa tisa kasoro, dawa ya usingizi: anatazama.
Nyota sita, saa tisa: anatazama.
Hanunui.
Nikazihesabu zile nyota, nikajua
kwamba nikihesabu tena nitamjua.

Nikarudisha neno: kosa.
Skrini ikanyamaza.

"Umeipata?" bibi akauliza kutoka ndani.
"Nimeipata."
Hakuniuliza nini.