Ibara ya Tisa

Waja leo, waondoka leo:
ndivyo tunavyosemwa sisi wa Tanga.
Hawa walikuja Jumatatu, begi moja moja,
wakatimiza siku kumi na tisa Raskazone,
mashati yao yakifuliwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa shangazi yangu, aliyejua kabla ya magazeti
nani hajalala.
Kola haisemi uongo.

Mimi karani. Kazi yangu kuchapa.
Ibara ya tisa niliichapa mara thelathini na moja.
Wa ng'ambo ya ziwa walitaka *kukomesha* vita.
Wa huku walitaka *kusitisha*.
Anayesitisha, alisema Kanali Ntirwaza kupitia mkalimani,
ameegemeza bunduki ukutani
anafunga kamba za kiatu.
Waziri Lubemba akaruka: kukomesha!
Si ndilo neno la mama kwa mtoto mtundu,
leo nitakukomesha?
Balozi Semhando, mpatanishi wetu,
akamenya chungwa la Muheza,
ganda moja refu lisikatike,
asimpe mtu.

Usiku ukaenda hivyo, kitenzi juu ya kitenzi.
Nilitia koma, nikatoa koma,
na huko ziwani hakuna aliyekoma.

Siku ya ishirini akaletwa Nyamvura, wa kambini.
Dakika tatu, walimwambia.
Alikuja na dumu la njano,
akakataa kumwachia askari wa mlangoni,
akalitua mezani, juu ya karatasi zangu.

"Mnasema amani ya kudumu.
Dumu mimi ninalo.
Lita ishirini, miaka sita kichwani.
Hapa lilitobolewa na risasi,
nimeziba kwa sabuni."

Mkalimani alisita.
Kwa lugha ya kanali maneno yale mawili
hayajuani hata kwa salamu.
Akayatafsiri moja moja, utani ukafia njiani,
hakuna aliyecheka.
Ila kanali akauliza: kisima kipi?
"Cha Rwinyana."
Kikosi changu kilikuwa pale, alisema.
"Najua. Nilikuwa kwenye mtama,
nangoja mmalize kunywa."

Feni ilizunguka.
Sabuni ililainika, maji yakachuruzika,
wino wa ibara ya tisa ukavimba, ukatambaa,
sitisha na komesha zikawa doa moja la buluu.

Ya thelathini na mbili niliichapa asubuhi.
Haina kitenzi kikubwa.
Inasema nani atateka Rwinyana alfajiri,
nani alasiri,
na kwamba mwenye silaha abaki mbali
asikoisikia ndoo ikigonga maji.

Walitia saini, wakaondoka Jumapili.
Itashika? Usiniulize mimi, niulize redio,
nayo siku hizi inakwaruza.
Shangazi ana mashati mawili hayajachukuliwa.
Ameyapiga pasi, ameyatundika,
mume wake haruhusiwi kuyagusa.
Wenyewe watarudi, anasema,
kwa heri au kwa shari,
na wakirudi
wasikute vifungo vimepungua.