Mwanya

Saa nne usiku, Dundee, mvua inapiga dirisha kwa ubavu,
na Tabu Mwakideu hataki kwenda kulala.
"Mbona jina la Salome liko miguuni pake?"
Kidole kinachonuka klorini, juu ya skrini yangu.

Ni ukurasa wa ushirika wao,
wanawake tisa wanaosafisha ofisi za watu kabla hakujakucha.
Niliahidi Jumatatu.
Malipo: sufuria ya maharagwe ya nazi, na mdomo wake.

Nikaandika: katikati.
Jina likapanda, likapitiliza kidogo,
kama mtu aliyeombwa asogee kwenye benchi akasogeza mkoba tu.
"Hapo si katikati."
Kweli si katikati. Kivinjari hupima nusu ya herufi ndogo,
kimo cha x. Kimo cha mtu hakijui.
"Na huyu nilimpandisha juu ya kreti la maziwa," akasema Tabu,
"ili alingane na wenzake!"

Halafu ile picha kubwa ya juu, wote tisa mlangoni,
ndani ya fremu niliyoichora:
chini yake mwanya, pikseli nne, tano,
weupe ambao hakuna aliyeuita.
Nilifuta pambizo. Mwanya upo.

Nikamweleza.
Picha, usipoiambia vingine, huhesabiwa herufi.
Husimama juu ya mstari kama a, kama m,
na chini ya mstari huachwa nafasi ya mikia,
ya g, ya j, ya y,
hata pasipo na neno.

"Yaani panamngoja mgeni?"
"Panangoja g ya mgeni."
"Na njoo?"
"J yake pia."

Neno moja lingetosha: picha iwe tofali, isiwe herufi.
Nikaliandika.
Picha ikaketi barabara, kama jino la bandia.

Tabu akaitazama muda mrefu,
akamtazama Mbeyu, wa mwisho kulia, anayecheka na mwanya wake,
ambaye tangu Machi aproni yake imetundikwa stoo
na simu yake haiiti.
"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.
Salome nikampandisha pikseli mbili kwa jicho tu,
bila kanuni, jambo ambalo fundi hasemi.
Tabu akavaa buti, akatoka.

Maharagwe yalizidi chumvi.