Chini ya Sufuri

Yuma, mwezi wa saba. Saa tatu asubuhi
na boneti tayari haigusiki.
Nimetandika taulo bichi juu ya madigadi,
nikaegemeza tumbo, nikaanza.

Pikapu ni ya baba, Eusebio Arvizu:
miaka ishirini na miwili ya masanduku ya saladi,
rangi imembabuka mgongoni, gari na mwenye gari.
Mwaka jana ubaridi ulianza kuchechemea.
Mwaka huu feni inatutemea pumzi ya jiko.
Fungueni vioo, alisema baba.
Kwa kila tatizo baba husema fungueni vioo.

Lakini sasa kuna Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
maili kumi na nne hadi kwenye mashine ya kusafisha damu,
na akitoka pale hana nguvu hata ya kuzungusha kioo.

Gereji ilitaka dola elfu moja mia mbili.
Nilimshukuru yule kijana, nikakunja karatasi yake,
nikaenda kuazima pampu kwa mzee Thaddeus Kroll,
aliyetengeneza majokofu ya kambi ya jeshi
na asiyekuazima kitu bila hotuba:
“Usitie gesi juu ya tundu, Perla.
Ni kumwaga pesa hewani. Na pampu irudi na mafuta yake.”

Jana usiku nilimulika kwa taa ya zambarau.
Rangi niliyoitia wiki iliyopita ilikuwa imetoka jasho,
kijani cha kimulimuli,
pale bomba linapoungana na kompresa.
Mpira wa duara, mdogo kuliko pete ya mtoto,
umekakamaa, umepasuka.
Huo ndio uliotupika tangu Aprili.
Senti arobaini.

Nimebadilisha yote sita; akifa mmoja wenzake wako njiani.
Nimeipaka mafuta kwa ncha ya kidole.
Nimekaza nati, nusu zamu, basi, usiikabe.
Kisha pampu ikanguruma, na sindano ya buluu
ikaipita sufuri, ikaendelea kushuka
huko ambako hata hewa haijafika.

Sasa nimefunga valvu zote mbili.
Nimezima.
Dakika arobaini na tano za kuitazama sindano:
ikipanda, bado kuna tundu.

Baba ametoka na kiti chake cha kukunja,
mkono wenye bandeji kaulaza mapajani
kama kitu cha kuazima.
“Inafanya nini?”
“Haifanyi kitu. Ndiyo kazi yake.”
Akatikisa kichwa. Hilo analijua kuliko mimi.

Tukakaa. Nzi akatua kwenye spana, akaungua, akaondoka.
Na baba, bila kuulizwa, akaanza:
lori la mwaka sabini na tisa,
wanaume thelathini chini ya turubai, pipa moja la maji,
na Anselmo Quiroz aliyesema anasikia baridi,
saa nane mchana, anasikia baridi.
Wakamcheka.
Wakamcheka hadi alipoacha kujibu.

Sijawahi kuisikia habari hii.
Sikujua macho niyaweke wapi,
nikayarudisha kwenye geji.
Sindano haikuwa imesogea.

Makopo mawili na kidogo. La kwanza liligeuka barafu
kiganjani mwangu, jua likiwa utosini.
Kompresa ikashika: tak.
Nikampandisha baba, nikafunga mlango,
nikafunga na vioo, vyote viwili, kwa mkono wangu.

Kwanza vumbi. Kisha uvuguvugu wenye harufu ya soksi.
Kisha, polepole, kitu kingine.
Baba alifumba macho, akasogeza uso kwenye tundu la hewa,
mvi zake zikasimama.

“Nasikia baridi,” alisema.

Nikageuka upesi, nikamshika shavu.
Alikuwa akicheka, bila sauti, mabega tu.
Nikanyoosha mkono nipunguze feni.
Akaupiga kofi.
“Iache.”