Sauti ya Katpadi

Miaka thelathini na mmoja Vedavalli aliita treni
katika stesheni ya Katpadi, chumba cha pili juu ya ngazi,
feni ya dari ikikwaruza, bilauri ya chuma ya kahawa
ikipoa kando ya kipaza sauti.
Aliita kwa Kitamil, kwa Kihindi, kwa Kiingereza,
na katika lugha zote tatu aliomba radhi
kwa makosa asiyoyatenda.

Kisha wakaja vijana wawili na mashine.
Siku nne akawasomea namba tupu,
sifuri hadi tisa, mara kwa kupanda, mara kwa kushuka,
na majina ya miji, kila mji peke yake
kama punje ya mchele kwenye ungo:
Arakkonam. Jolarpettai. Vellore.
Neno "imechelewa" alilirudia mara sita
maana, walisema, lilikuwa na huzuni ndani.
Wakampa shada la maua, saa ya ukutani, pensheni.

Siku hizi huja alfajiri, hana safari.
Hununua tiketi ya kuingilia jukwaani
kama mgeni anayebisha hodi kwake mwenyewe.
Hukaa benchi la jukwaa la tatu,
na juu, katika spika zilizochafuliwa na njiwa,
Vedavalli humtangazia Vedavalli treni.

Mwanzoni alijivuna. Akagusa watu bega: mnamsikia?
Halafu wivu ukamwingia. Yule hakohoi.
Yule hakufiwa na Sundaresan.
Yule hana goti.
Nani kati yetu, akawaza, amemwibia mwenzake?
Akaanza kumsaka mwizi.
Kooni, hayupo.
Kifuani mna pumzi tu, inaingia, inatoka,
abiria asiye na tiketi wala asiyeulizwa.
Nyuma ya macho, basi, pale alipoamini siku zote
kuna chumba juu ya ngazi na mwanamke amekaa:
akapanda, akasukuma mlango.
Feni. Bilauri. Kiti.

Nayasimulia haya kwa Kiswahili, lugha asiyoijua,
na lugha yangu yenyewe inanicheka.
Silabi moja imeajiriwa kazi mbili.
Ninakaa, ninangoja, ninaogopa:
mlangoni amesimama mtu, kifua mbele.
Ni asubuhi. Ni kengele. Ni kahawa:
mlango ule ule, na hapana mtu,
pana kuwa tu, kumeenea kama mwanga.
Nimeitamka tangu sijaota meno
nikidhani kila mara
ni mimi.

Jumanne moja umeme ulikatika katikati ya sentensi.
"Abiria, tafadhali zingatieni, treni namba moja, mbili, sita..."
Jukwaa zima likainua uso.
Hamali Munusamy, mzigo kichwani, akamgeukia:
Mama, malizia.

Akafungua kinywa. Namba alikuwa nayo, ulimini kabisa.
Lakini kulikuwa na kitu kimetangulia kufika.
Kimya kingi kina mshindo, husema wahenga;
hiki hakikuwa na mshindo, hakikuwa kikubwa.
Kilikuwa kile kile cha baina ya kengele na neno la kwanza,
alichokipita mara mia kwa siku akikimbilia kusema,
na ndani yake Munusamy, mzigo, njiwa,
mtoto anayelamba chumvi ya embe bichi,
goti, na maumivu ya goti,
vyote vilisikika
bila msikilizaji kukaa pembeni akihesabu.

Treni ikaingia.
Haikutangazwa na mtu,
ikasimama pale pale inaposimama siku zote.

Umeme uliporudi, sauti juu ya paa
iliomba radhi kwa kuchelewa.
Vedavalli akacheka hadi miwani ikamdondoka.
Munusamy akaiokota, akaipangusa kwa shati lake jekundu,
akamvisha.