Ncha ya Pili

Mashine ile tuliiita korona
miaka mingi kabla dunia haijaliogopa jina hilo.
Ilikula majani ya mkonge, ikatema nyuzi
na maji ya kijani yanayokufuata kwa harufu hadi ndotoni.
Jumanne moja, zamu ya asubuhi,
ikala mkono wangu wa kulia
kuanzia kiganja hadi juu kidogo ya kiwiko.
Haikusita. Haikubadili hata mlio.

Bombo, kitanda cha dirishani,
walinijia wenye maneno.
Shemeji Makange: kila jambo lina sababu yake.
Msimamizi wa zamu: shukuru, kingekuwa kichwa.
Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuja kumwona mwingine:
Mungu humjaribu ampendaye.
Niliitikia. Mgonjwa huitikia,
hana mlango wa kufunga.
Lakini usiku, taa zikizimwa, niliitafuta hiyo sababu
kama mtu aliyedondosha shilingi ufukweni,
nikashika mchanga, na mchanga, na mchanga.

Na mkono usiokuwepo ukawasha.
Nielezeni, mliosoma:
kisichokuwepo hukunwa wapi?

Fidia ilitosha mabati kumi na manne na redio.
Redio iliibwa.
Mama watoto alikwenda Korogwe kusalimia,
anasalimia hadi leo.

Wahenga walinena: mkono mmoja haulei mwana.
Nililea watatu. Wahenga waniwie radhi.
Ila, nisijisifu,
vifungo vya sare za wadogo zake
alivifunga Namkunda, ana miaka saba,
bila kuombwa, ulimi umetoka nje kwa bidii.

Nilichokijua ni katani tu.
Nikafundisha vidole vya kushoto kusokota,
vikanigomea kama watoto wa kambo.
Tena kamba ina sharti: ncha ya pili ishikwe.
Niliifunga kwenye nguzo ya umeme.
Niliifunga kwenye tendegu la kitanda.
Niliifunga kwenye dole gumba la mguu, likavimba kama embe bolibo.
Nguzo haijui wakati wa kulegeza.

Ndipo akaja Mwanakombo, nyumba ya nne,
Barabara ya Kumi na Tano,
aliyemzika Singano wake mwezi wa Rajabu
na tangu siku hiyo akawa anafagia uwanja uleule
mara tano kwa siku,
hadi mizizi ya mwarobaini ikabaki uchi.
Hata hodi hakupiga.
Alisema: nipe hiyo ncha.

Tulisokota hadi alasiri,
yeye akipeleka kulia, mimi kushoto,
kamba ikijikaza katikati yetu.
Mara moja alilia. Ncha hakuiachia.
Nikasimama kimya, katani haitaki pupa.
Alipokwisha akapangusa uso kwa bega,
maana mikono ilikuwa kazini.
Nami hivyo hivyo hupangusa wangu.

Sasa ni mwaka wa kumi na moja.
Kamba zetu zinavuta ndoo Duga,
zinafunga mbuzi wa watu Pongwe,
moja inashikilia mlango wa choo cha shule
usiwaumbue watoto.
Vijana huniuliza: Mhina, ajali ile ilikuwa na maana gani?
Korona haikuwa na maana. Ilikuwa na meno.
Maana tumeisokota wenyewe, baadaye,
kwa nyuzi fupi, nyingine zimeoza,
ukichomeka mpya kabla ya ule wa zamani kwisha.
Ukichelewa, itakatikia papo hapo.

Leo Mwanakombo amekawia, goti lake hilo.
Nyuzi nimekwisha kuzilowesha.
Ncha moja ipo chini ya unyayo wangu,
ya pili nimeilaza kwenye jamvi, upande wake.
Nguzo ipo pale pale, hatua tatu.
Siifungi.