Yai Juu ya Meza

Futi kumi na sita, ukihesabu na ndoana ya mbele.
Meza ndiyo kitanda, kitanda ndicho meza:
nikitaka kulala sharti nimalize kula,
nikitaka kuugua sharti nile nimesimama.
Nyumba ya Spokane niliiuza Machi,
pamoja na ngazi zilizomshinda Orrin.
Karani wa benki akauliza, Anwani?
Nikamwonyesha dirishani: ile nyeupe, yenye mkwaruzo.
Akasema kompyuta haikubali nyumba inayoondoka.

Basi nikatandaza ramani.
Nchi nzima kiwanja changu, toka theluji hadi chumvi,
na anayeweza kulala popote
hulala macho.

Kila nilipoegesha niliweka yai juu ya meza.
Likibiringika, nashuka na jeki na vipande vya ubao,
nainua, nashusha, narudi ndani kulitazama.
Likitulia, nalikaanga.

Arizona, jangwani, hakuna kodi.
Siku kumi na nne, kisha mlinzi na daftari lake:
Sogea, mama, sheria ni sheria.
Majirani wema, wazee wenzangu,
tulicheza karata, tukaazimana gesi.
Aprili joto likapanda.
Asubuhi moja nikaamkia michirizi ya matairi
na kiti cha kukunja, kimeachwa, kimeelekea mlimani.
Yai lilitulia pale. Mimi sikutulia.

Pwani ya Oregon nilisugua vyoo vya kambi:
nafasi bure, umeme bure, na mvua, nayo bure.
Haikuwa ikinyesha, ilikuwa ikiishi;
mimi ndiye niliyekuwa mpangaji.
Oktoba kuvu ikaota nyuma ya mto,
ikaota ndani ya viatu vya Orrin
ambavyo sijui kwa nini ninavyo.

Boise, kwa binti yangu Maralee, mbele ya gereji,
waya wa umeme ukitokea dirisha la jikoni
kama mrija wa mgonjwa.
Siku ya kwanza keki.
Siku ya pili keki iliyobaki.
Siku ya tatu hakuna aliyenipa jembe;
walinipa rimoti na blanketi la miguu.
Kisha barua ya chama cha mtaa:
chenye magurudumu na mtu ndani, marufuku.
Maralee alilia, nikalia naye,
ila mguu wangu, siwafichi,
ulishaanza kutafuta pedali.

Mahali hapa sikupachagua.
Beringi ililia maili arobaini, ikanyamaza vibaya,
kwenye bonde la New Mexico ambalo ramani yangu
imelikunjia mkunjo.
Fundi akasema kipuri Alhamisi.
Delfina Archuleta akasema nyuma ya banda la kuku pana nafasi.
Pana mteremko pia: yai lilibiringika,
likaanguka, likapasuka juu ya zulia.
Nikasema, vema. Alhamisi naondoka.

Siku ya tatu, saa kumi na mbili alfajiri, hodi.
Delfina, majembe mawili.
Leo tunazibua mfereji, akasema,
kila nyumba inatoa mtu mmoja.
Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mtu.
Akaitazama trela. Akanitazama mimi.
Usinichelewesheе.

Tulichimbua matope ya mwaka mzima,
majani, chupa, kiatu cha mtoto.
Mgongo ulinitukana kwa jina.
Adhuhuri mzee mwenye orodha akapita na penseli:
Archuleta, mmoja. Baca, wawili.
Akafika kwangu, akasita, akachungulia juu ya ua,
akaandika akijisomea polepole:
Nyeupe yenye mkwaruzo. Mmoja.

Maji yalipoachiwa yalikuja yakisukuma vumbi mbele,
yakanipita miguuni bila kuuliza chochote.

Kipuri kilifika Alhamisi, kama alivyoahidi.
Kimo chini ya kitanda, ndani ya boksi lake.
Mteremko bado upo.
Mayai nayaweka bakulini.