Nukta Nne

Kesho saa mbili asubuhi, fizikia.
Leo saa nne usiku LUKU inasoma sifuri nukta nne,
taa yake nyekundu inakonyeza ukutani
na mama anaitazama
kama mdai aliyebisha mlango saa isiyo ya watu.

Nukta nne ya yuniti ni wati mia nne kwa saa moja.
Friza la barafu linakula mia na hamsini.
Balbu yangu, tisa.
Nikapiga hesabu pembeni mwa daftari:
vyote viwili, saa mbili na nusu;
balbu peke yake, hadi keshokutwa jioni.

Sikumwonyesha. Ila alikuwa nyuma yangu,
yeye aliyeishia darasa la tano Maneromango,
akachomoa waya wa friza.
"Soma."

Pakiti arobaini, za ukwaju na za maji matupu,
shilingi mia mia. Ndiyo sabuni, ndiyo mkaa.
"Zitayeyuka, mama."
"Ukifunguafungua ndiyo zitayeyuka.
Barafu ina ukaidi wake. Inakaa palepale,
inalowa, inalowa, wala haipati joto,
mpaka kipande cha mwisho kiishe.
Hapo ndipo maji yanaanza kujisikia."

Nikashusha macho ukurasa wa sitini na tatu.
Ndiyo hiyohiyo!
Mwalimu Nkwabi aliifundisha vipindi vitatu kwa Kiingereza,
na mchoro wenye ngazi bapa katikati,
nami nikaikariri kama mgeni anavyokariri salamu:
jouli laki tatu na elfu thelathini na nne kwa kila kilo
zinaingia, na kipimajoto hakitikisiki.
Joto fiche. Limo ndani, limeshikwa na kazi.

Saa tano Lwitiko akaja na kigoda chake,
kwao giza tangu Jumapili.
Tukaacha joto, tukashika vimiminika.
Kanieneo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka.
"Mfano?"
Akaelekeza kalamu kwenye ukuta wetu:
mstari wa tope la Msimbazi,
kimo cha kifua changu cha kidato cha pili.
Karibu na mstari rangi imebaki mabakamabaka.
Chini kabisa, plasta hakuna,
tofali linatazama sakafu.
Akaandika: mfano umepatikana Kigogo.

Lakini pepa ya jiografia, tuliyoifanya wiki iliyopita,
bado inaniwasha.
Taja sababu tano za mafuriko mijini.
Nilizijua. Mwongozo wa kusahihisha haubadiliki.
Moja: watu kujenga mabondeni.
Niliandika kwa mwandiko mzuri, bila kufuta,
nikapata alama yangu moja kwa kumtaja mama,
kwa kumtaja Lwitiko na bibi yake na kuku wao saba.
Mbili, taka kuziba mitaro. Tatu, kukata mikoko.
Nne, saruji kila mahali, maji yakose pa kuzama.
Ya tano nikaikodolea macho mpaka kengele,
maana iliyonijia haimo kwenye mwongozo:
kodi ya chumba Kimara, kule mlimani,
miezi sita kwa mkupuo.

"Ungeiandika tu," Lwitiko akasema.
"Ningekosa."
"Ungekosa," akakubali,
tukacheka tukiziba midomo, mama amelala.

Alfajiri akafungua friza, mara moja tu,
akabonyeza pakiti kwa dole gumba, moja baada ya nyingine.
Thelathini na moja ngumu. Tisa laini.
Nikashika laini, nikashika ngumu:
baridi ileile.

"Jambo hilo lina jina?"
"Lina."
"Kwa lugha yao?"
"Kwa zote mbili."
Akanitazama kidogo, akasema unga umekwisha,
nipitie mihogo kwa mama Hadija.

Moja ya zile laini akanipa.
Niliishika njia nzima mpaka geti la shule, ikidondoka,
mkono wa kushoto ukiingia ganzi.
Wa kuandikia niliuweka mfukoni,
ukae na joto.